Mapinduzi si Talaka: Kilichowapata Wacheki Kati ya 1989 na 1993

Bado utamsikia mtangazaji wa mpira akiitaja "Chekoslovakia", nchi iliyofutika usiku wa kuamkia 1 Januari 1993. Hilo ni kosa dogo, ulimi umezoea. Mkanganyiko wenyewe uko ndani zaidi. Kila Novemba ikifika, picha za vifaru vya 1968 husambazwa zikiwa na maelezo ya 1989. Kuanguka kwa chama cha kikomunisti huelezwa kana kwamba ndiko kulikoigawa nchi. Anayesoma harakaharaka hubaki na hadithi moja: watu waliandamana, Warusi wakaondoka, Wacheki na Waslovaki wakapiga kura ya kuachana kwa amani. Lakini kura hiyo haikupigwa. Warusi walikuwa wangali kambini nchi ilipopata rais mpya. Na kati ya maandamano na talaka ilipita miaka mitatu iliyogeuza maisha ya watu kuliko maandamano yenyewe.

Kwanza majina

Ucheki una maeneo matatu ya kihistoria: Bohemia upande wa magharibi, uliko mji wa Praha, Moravia upande wa mashariki, ambako mji mkubwa ni Brno, na kipande cha Silesia kaskazini. Katika Kicheki neno "Čechy" maana yake ni Bohemia, na "Čech" ni mtu wa Bohemia, lakini pia ni Mcheki yeyote. Hapo ndipo Mmoravia anaponuna. Ni kama kumwita Mpemba Muunguja kwa sababu tu wote ni Wazanzibari. Si utani mtupu: katika sensa ya 1991, ya kwanza baada ya ukomunisti, zaidi ya watu milioni 1.3 waliandika kwamba taifa lao ni Moravia. Miaka 10 baadaye walibaki 380,000 hivi. Watu hawakuhama wala hawakufa. Walibadilisha jibu.

Chekoslovakia ilikuwa kitu kingine, kikubwa zaidi. Ilizaliwa 28 Oktoba 1918 kutoka kwenye mabaki ya dola la Austria na Hungaria, ikawaunganisha Wacheki na Waslovaki, watu wenye lugha mbili zilizokaribiana kiasi kwamba kila mmoja husema yake na mwenzake akaelewa. Kufikia mwisho wake, Wacheki walikuwa kama milioni 10 na Waslovaki milioni 5. Shika uwiano huo wa mbili kwa moja, maana utarudi wakati wa kugawana mali.

Kuhusu "ukomunisti": Chama cha Kikomunisti kilitwaa madaraka Februari 1948. Tangu 1960, kifungu cha 4 cha katiba kiliandika wazi kwamba chama ndicho kiongozi wa jamii na dola. Msomaji wa Tanzania hahitaji tafsiri ndefu. Ni "chama kushika hatamu".

Vifaru vilikuja 1968, si 1989

Mwaka 1968 waliotaka mabadiliko walikuwa ndani ya chama chenyewe. Kiongozi wake mpya, Alexander Dubček, ambaye alikuwa Mslovaki, alilegeza udhibiti wa magazeti na kuzungumzia ujamaa wenye sura ya kibinadamu. Hakuahidi vyama vingi wala soko huria. Usiku wa 20 kuamkia 21 Agosti majeshi ya Mkataba wa Warsaw, umoja wa kijeshi wa nchi za kikomunisti, yakiongozwa na Wasovieti yakaingia, na zaidi ya watu mia moja wakauawa. Januari 1969 mwanafunzi Jan Palach alijichoma moto katikati ya Praha kupinga hali hiyo. Aprili mwaka huo Dubček akaondolewa, nafasi yake ikashikwa na Gustáv Husák.

Miaka 20 iliyofuata wenyewe huiita "normalizace", kurudisha mambo kuwa ya kawaida. Kawaida hiyo ilikuwa na bei. Mamia ya maelfu ya wanachama walifukuzwa au kufutwa chamani. Profesa aliyekataa kusaini kwamba uvamizi ulikuwa "msaada wa kindugu" aliweza kuishia kuchochea makaa kwenye tanuri la hospitali au kuosha madirisha. Kukosa kazi hakukuruhusiwa: kitambulisho kilikuwa na mhuri wa mwajiri, na asiye nao alishtakiwa kwa unyonyaji wa jamii. Václav Havel mwenyewe, mwandishi wa tamthilia aliyekuja kuwa rais, alifanya kazi katika kiwanda cha bia mwaka 1974.

Kwa wengi, hata hivyo, maisha hayakuwa gereza. Yalikuwa mapatano yasiyoandikwa. Hadharani unafanya unayotakiwa kufanya: unaandamana Mei Mosi, unatundika bendera dirishani, unanyamaza. Faraghani unaachwa. Ijumaa mchana miji ilihamia kwenye "chata", vijumba vya wikiendi nje ya mji, vilivyojengwa mara nyingi kwa mbao na saruji zilizotoka kazini bila risiti. Msemo uliokuwa mdomoni mwa kila mtu ulisema asiyeiba mali ya dola anaiibia familia yake. Kumbuka msemo huo tutakapofika kwenye ubinafsishaji. Mkono uliozoea kuchota mali isiyo na mwenyewe haukuacha kuchota kwa sababu rais amebadilika.

Aliyetaka kutembelea Ujerumani Magharibi alihitaji zaidi ya pasipoti. Kwanza alipeleka ombi kwa benki ya serikali apewe ahadi ya kuuziwa fedha za kigeni, na waliopata walikuwa wachache. Kisha alihitaji kibali cha kutoka nchini, ambacho hakikutolewa bila mwajiri wake kumwekea neno. Jirani akilalamika, au shemeji akiwa ametorokea Kanada, ombi liliishia hapo. Kwa Yugoslavia palikuwa na pasipoti ya pekee, ya kijivu, kwa kuwa nchi hiyo ya kijamaa ilikuwa na mlango wa nyuma wa kwenda Magharibi.

Kulikuwa pia na Tuzex, maduka ya serikali yaliyouza jinzi, wiski na vifaa vya umeme kwa vocha maalumu zilizoitwa "bony". Vocha zilipatikana kwa kubadilisha fedha za kigeni. Asiyekuwa na ndugu ng'ambo alizinunua kwa walanguzi waliosimama mlangoni, karibu koruna 5 kwa vocha moja, wakati mshahara wa mwezi ulikuwa kama koruna 3,000. Walanguzi hao nao watarudi.

Novemba, siku kwa siku

Tarehe 17 Novemba haikuchaguliwa na wapinzani wa ukomunisti. Ilikuwa siku rasmi ya kukumbuka 1939, pale Wanazi walipofunga vyuo vikuu vya Ucheki. Praha ilikuwa hata na Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofundisha wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kati ya 1961 na 1974. Mwaka 1989, ikiwa Ijumaa na miaka 50 imetimia, umoja wa vijana wa chama ulishiriki kuandaa maandamano, na yalikuwa na kibali. Kibali kiliishia kilima cha Vyšehrad. Wanafunzi waliendelea kuteremka kuelekea katikati ya mji, na katika barabara ya Národní polisi wakawafungia pande zote mbili na kuwapiga. Zaidi ya watu 500 waliumia.

Usiku huo na kesho yake ulienea uvumi kwamba mwanafunzi ameuawa. Haukuwa kweli, hakuna aliyekufa. Afisa wa polisi wa siri aliyejipenyeza kama mwanafunzi alilala chini na kuondolewa na gari la wagonjwa, na jambo hilo limezaa nadharia nyingi kwamba mapinduzi yote yalipangwa na polisi wa siri. Ushahidi wa mpango mkubwa wa namna hiyo haujapatikana. Kinachojulikana ni kwamba uvumi ulifanya kazi: wazazi waliokuwa kimya miaka 20 waliona mtoto ameuawa, wakatoka nyumbani.

Jumamosi waigizaji waligoma. Badala ya mchezo, mapazia yalifunguka wakasoma tamko, na majumba ya michezo yakawa kumbi za mikutano katika miji ambako magazeti yalikuwa bado hayaandiki kitu. Jumapili, tarehe 19, likaundwa Jukwaa la Kiraia ndani ya jumba mojawapo la michezo Praha. Waslovaki waliunda chombo chao Bratislava, Umma Dhidi ya Vurugu. Angalia hapo: siku ya tatu tu, na vyombo tayari ni viwili. Hata jina ni mawili. Wacheki husema Mapinduzi ya Mahameli, Waslovaki husema Mapinduzi ya Upole.

Tarehe 24 uongozi mzima wa chama ulijiuzulu. Tarehe 25 na 26 mamia ya maelfu walijaa uwanda wa Letná. Watu walitikisa funguo zao hewani, kama mwenye nyumba anavyomjulisha mgeni kwamba saa imefika. Tarehe 27, saa 6 mchana hadi saa 8, nchi iligoma. Mgomo huo ndio uliomaliza mambo, maana chama kilikuwa kimejipa moyo kwamba hawa ni wanafunzi na wasanii tu. Viwanda vilipozima mashine, hoja ilikwisha. Tarehe 29 bunge likafuta maneno ya kifungu cha 4.

Bunge gani? Lilelile la kikomunisti. Ndilo pia lililomchagua Václav Havel kuwa rais 29 Desemba 1989, bila kura hata moja ya kumpinga, wabunge walewale waliokuwa wakipitisha bajeti ya polisi waliomfunga. Chama hakikupigwa marufuku. Sheria ya 1993 iliutangaza utawala wa kikomunisti kuwa wa kihalifu, lakini mrithi wa chama aliendelea kukaa bungeni Praha mpaka aliposhindwa katika uchaguzi wa 2021. Na jeshi la Kisovieti, askari zaidi ya 70,000, liliondoka kwa makubaliano ya Februari 1990. Wa mwisho walitoka Juni 1991.

Kiatu cha Bata na tarehe ya sheria

Kazi ngumu ilianza baada ya funguo kurudi mifukoni. Karibu kila kitu kilikuwa cha dola: kiwanda, duka la mkate, kinyozi. Kirudi kwa nani?

Mfano mzuri umevaliwa na watoto wa shule wa Afrika Mashariki kwa vizazi. Bata, yenye kiwanda Limuru, ni jina la familia ya Baťa ya Zlín, mji wa Moravia, ambako kampuni ilianza 1894. Kiwanda cha Zlín kilitaifishwa 1945, na mji wenyewe ukaitwa Gottwaldov kuanzia 1949, kwa heshima ya rais wa kwanza wa kikomunisti. Desemba 1989 Tomáš Baťa mdogo, aliyekuwa akiishi Kanada, alikuja kutembea na kupokewa na umati. Januari mji ukarudishiwa jina lake. Baťa hakurudishiwa kiwanda.

Sababu ni tarehe. Sheria ya 1991 ya kurudisha mali ilihusu iliyochukuliwa kuanzia 25 Februari 1948. Waandishi wake hawakusahau 1945; waliikwepa. Baada ya vita Wajerumani wapatao milioni 3 walifukuzwa nchini na mali yao kuchukuliwa, na kurudisha saa nyuma kabla ya 1948 kungefungua madai yao yote. Kwa hiyo Baťa akabaki nje ya mstari uliochorwa kwa ajili ya watu wengine, akarejea kwa kununua kama mwekezaji yeyote.

Waliokuwa ndani ya mstari nao hawakupata sherehe tu. Mdai alitakiwa awe raia na mkazi, sharti lililowanyima waliokimbilia ng'ambo mpaka Mahakama ya Katiba ilipofuta ulazima wa ukazi mwaka 1994. Aliyepewa jengo lake la ghorofa alilipokea na wapangaji wake, kodi ikiendelea kupangwa na serikali kwa miaka mingi, paa likivuja.

Maduka madogo yaliuzwa kwa mnada kuanzia Januari 1991. Nani alikuwa na fedha taslimu baada ya miaka 40 ya mishahara inayolingana? Wale walanguzi wa mlangoni pa Tuzex, na mameneja waliojua duka lipi lina faida. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini jirani aliyekuwa akipanga foleni aliona, na hasira hiyo haijaisha. Mwaka huohuo bei nyingi ziliachwa huru, na zikapanda kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi 12.

Kuponi: namna ilivyofanya kazi, na ilipotobokea

Viwanda vikubwa havikuweza kuuzwa kwa mnada, maana akiba za watu wote zisingetosha hata robo ya thamani yake. Waziri wa Fedha Václav Klaus na wenzake walikuja na njia ambayo haikuwa imejaribiwa kwa ukubwa huo: wape raia kuponi.

Mtu mzima alinunua kijitabu kwa koruna 35, akabandika stempu ya koruna 1,000. Jumla 1,035, kama robo ya mshahara wa mwezi wa wakati huo. Ndani mlikuwa na pointi 1,000. Pointi hazinunui mkate. Zina kazi moja, kuagiza hisa katika kampuni zilizo kwenye orodha, na wimbi la kwanza lilikuwa na kampuni karibu 1,500.

Mzunguko wa kwanza ulianza Mei 1992, bei ikiwa moja kwa zote: pointi 100 kwa hisa 3. Maagizo yakikusanywa, moja ya mambo matatu hutokea. Wakitaka watu wachache kuliko hisa zilizopo, wote wanapata, zinazobaki zinaingia mzunguko ujao kwa bei ya chini. Wakizidi kidogo, chini ya asilimia 25, raia wanapewa zote na mifuko ya uwekezaji, yaani kampuni zinazokusanya pointi za watu na kuagiza kwa niaba yao, inapunguziwa. Wakizidi sana, hakuna anayepata. Pointi zinarudishwa na bei inapandishwa. Fikiria dalali asiyepiga kelele: anahesabu mikono, anakwenda nyumbani, kesho anarudi na bei mpya. Mizunguko ilikuwa mitano.

Mwanzoni watu walisitasita. Kisha yakaja matangazo ya mifuko ya Harvard ya Viktor Kožený, isiyo na uhusiano wowote na chuo cha Marekani zaidi ya mwenyewe kusoma huko. Ahadi ilikuwa nyepesi kukumbukwa: tupe pointi zako, baada ya mwaka mmoja utadai mara kumi ya ulichotoa. Foleni zikajaa. Takribani watu milioni 8.5 waliingia, na zaidi ya asilimia 70 ya pointi zikaishia kwenye mifuko. Raia alidhani amekuwa mwanahisa wa kiwanda. Kwa kweli alikuwa mwanahisa wa mfuko, na mfuko ndio ulioketi kwenye bodi ya kiwanda.

Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo Wacheki wameliazimisha dunia: "tunelování", kuchimba handaki. Chukua mfano wa mirathi. Warithi kumi wana nyumba, wamemwachia msimamizi mmoja. Msimamizi anauza milango kwa shemeji yake kwa bei ya kutupa, kisha mabati, kisha anakopa benki kwa dhamana ya kiwanja na mkopo unaishia kwenye biashara yake. Warithi bado wana hati. Hati ni halali. Nyumba imebaki kuta. Katika kampuni ilikuwa hivyohivyo: bodi inauza mashine au bidhaa kwa kampuni ndogo ya wajumbe wenyewe kwa bei ya chini, faida inahamia huko, madeni yanabaki kwa wanahisa.

Wengi hulaumu kuponi zenyewe. Nadhani hilo ni kosa. Kuponi zilifanya kile zilichoahidi, yaani kugawa mali haraka. Kilichokosekana ni ulinzi wa mwenye hisa chache. Hisa ziligawiwa kabla ya sheria ya masoko ya mitaji kuwa na meno, na mifuko mingi mikubwa ilianzishwa na benki ambazo dola ilikuwa bado na hisa kubwa ndani yake. Benki inamiliki mfuko, mfuko unamiliki kiwanda, kiwanda kina deni kwa benki. Nani angemfilisi nani? Kožený alihamia Bahamas, na mwaka 2010 mahakama ya Praha ilimhukumu kifungo bila yeye kuwapo.

Majina kwenye daftari

Oktoba 1991 ilipita sheria ya "lustrace", ambayo kwa Kiswahili naiita uchekechaji. Waliokuwa maafisa au washirika wa siri wa StB, polisi wa siri, na viongozi wa chama kuanzia ngazi ya wilaya, walizuiwa kushika vyeo fulani vya umma kwa miaka mitano, muda ambao baadaye uliongezwa bila kikomo. Mwombaji wa cheo alileta hati kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani.

Sheria hiyo haikuwafunga watu jela. Haikuwazuia kugombea ubunge. Haikugusa biashara binafsi, ndiyo maana wengi wao walikwenda huko.

Tatizo lake lilikuwa ushahidi. Desemba 1989 mafaili mengi yalichanwa kwa amri ya wakuu wa StB, lakini madaftari ya usajili yakabaki. Ni kama kukuta daftari la deni dukani lenye jina lako, risiti zote zikiwa zimechomwa: jina lipo, kama ulikopa haijulikani. Kundi la "watarajiwa", watu ambao huenda hata hawakujua kwamba afisa fulani aliwaandika, lilikuwa kero zaidi, na Mahakama ya Katiba ya shirikisho ililiondoa Novemba 1992. Wakati huo gazeti moja lilikwishachapisha, bila idhini ya yeyote, orodha ya zaidi ya majina laki moja. Mtu alisoma jina la daktari wake asubuhi, na mchana ana miadi naye.

Talaka ambayo wanandoa hawakuulizwa

Tangu 1969 Chekoslovakia ilikuwa shirikisho la jamhuri mbili. Chini ya chama kimoja hilo lilikuwa karatasi tu, kwa kuwa maamuzi yalitoka ofisi moja. Karatasi ikapata uhai baada ya 1989. Katika Baraza la Mataifa, mojawapo ya mabaraza mawili ya bunge la shirikisho, Wacheki walikuwa 75 na Waslovaki 75, na sheria ya kikatiba ilihitaji theluthi mbili kasoro kidogo, yaani tatu ya tano, ya kila upande peke yake. Wabunge 31 wa upande mmoja waliweza kuzuia nchi nzima.

Ufa ulionekana mapema. Mwanzoni mwa 1990 Havel alipendekeza kuondoa neno "ya Kijamaa" kwenye jina la nchi, akidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua miezi mitatu, na gumzo likawa kistari: Waslovaki walitaka "Cheko-Slovakia", Wacheki wakaona kistari hicho kinawakumbusha nchi iliyokatwakatwa baada ya mkataba wa Munich wa 1938, uliompa Hitler sehemu yake. Vita vya kistari vinachekesha mpaka uone kilichokuwa chini yake, yaani swali la kama hii ni nchi moja au mbili zilizofungwa pamoja.

Kisha uchumi. Slovakia ilikuwa na viwanda vingi vya silaha, na soko lake likaporomoka. Mwisho wa 1991 ukosefu wa kazi Slovakia ulikuwa karibu asilimia 12, Ucheki kama 4. Mageuzi yaleyale ya Praha yaliuma Bratislava mara tatu. Uchaguzi wa Juni 1992 ukampa Klaus ushindi upande wa Wacheki, na Vladimír Mečiar upande wa Waslovaki. Klaus alitaka shirikisho lenye sera moja ya uchumi au lisiwepo. Mečiar alitaka muungano uliolegea. Agosti 26, chini ya mti katika bustani ya Villa Tugendhat huko Brno, walikubaliana tarehe ya mwisho. Havel alikuwa amekwishajiuzulu Julai.

Uchunguzi wa maoni ulionyesha wengi, pande zote mbili, hawakutaka kuachana. Zaidi ya watu milioni 2 walisaini kuomba wananchi waulizwe. Hawakuulizwa. Tarehe 25 Novemba 1992 bunge la shirikisho lilipitisha sheria ya kujifuta lenyewe, kwa kura chache tu juu ya kiwango.

Mgawanyo ulikuwa na kanuni mbili. Kisichohamishika ni cha jamhuri kilipo: uwanja wa ndege wa Praha ni wa Ucheki. Kinachohamishika hugawanywa mbili kwa moja, kwa idadi ya watu: ndege za kivita, vifaru, mabehewa. Msomaji wetu alinganishe na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977 bila kanuni iliyokubaliwa, ikachukua hadi 1984 kusaini mkataba wa mgawanyo. Wacheki walikiuka jambo moja. Sheria ilisema hakuna mrithi atakayetumia alama za shirikisho, nao wakaichukua bendera ileile na hawajaiacha. Wimbo wa taifa ulikuwa rahisi zaidi, ubeti wa kwanza ni wa Wacheki na wa pili wa Waslovaki. Ulikatwa katikati.

Nani Mcheki?

Tangu 1969 kila mtu, pamoja na uraia wa Chekoslovakia, alikuwa na uraia wa jamhuri moja, uliofuata hasa mahali alipozaliwa, na watoto wakafuata wazazi. Wengi hawakujua hata kama wanao. Haukuwa na kazi. Januari 1993 ukawa na kazi. Aliyeandikwa wa jamhuri ya Ucheki akawa Mcheki bila kusogea. Aliyeandikwa wa Slovakia, hata kama ameishi Praha tangu utotoni, akawa mgeni kitandani kwake.

Kuomba kulihitaji ukazi wa miaka miwili, kuachiliwa na Slovakia, na kutokuwa na hukumu ya kosa la makusudi kwa miaka mitano. Sharti la mwisho liliwaangukia Waroma, si watu wa mji wa Roma bali jamii ya wachache iliyozoeleka kuitwa Wajipsi. Karibu Waroma wote wa Bohemia na Moravia waliuawa na Wanazi, na waliokuwepo 1993 wengi walitoka Slovakia baada ya vita, au wazazi wao. Mtu aliyewahi kufungwa kwa wizi mdogo alijikuta hana nchi katika mji aliozaliwa. Marekebisho ya 1999 yaliruhusu wakazi wa namna hiyo kupata uraia kwa tamko tu.

Na fedha je? Mpango ulikuwa kuendelea na koruna moja kwa miezi kadhaa. Ulidumu wiki tano. Watu walihisi koruna ya Slovakia itashuka, wakahamisha akiba kwenda benki za Ucheki, na kadiri walivyohamisha ndivyo hofu ilivyotimia. Wazee walikuwa na sababu ya pili ya kutoamini. Mwaka 1953 Rais Zápotocký aliwahakikishia kwamba sarafu ni imara, na siku chache baadaye fedha taslimu zikabadilishwa: koruna 300 za kwanza za kila mtu 5 kwa 1, zilizobaki 50 kwa 1.

Safari hii thamani haikukatwa. Kati ya 4 na 7 Februari 1993 noti za 100, 500 na 1,000 zilipelekwa kubandikwa stempu ndogo ya karatasi. Mtu mzima alibadilishiwa hadi koruna 4,000 mkononi, zaidi ya hapo ziliwekwa kwenye akaunti. Noti ndogo na sarafu ziliendelea kutumika kwa muda bila stempu, kwa kuwa gharama ya kuzibandika ingezidi faida. Tarehe 8 Februari ikaingia noti ya kwanza ya Ucheki iliyochapishwa upya, ya koruna 200. Picha yake ni ya Jan Amos Komenský, mwalimu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya dini na kufia Uholanzi. Alikuwa Mmoravia.